Mti wa Wapima Ardhi na Kimo cha Zacharia

Sanduku la Posta 41,
Thika.
9 Juni 1957

Mpendwa Shemeji Kaleli,

Pokea salamu zetu. U mzima huko Tabora? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona? Sisi hatujambo. Gazeti bado linanituma huku na huku, na miguu bado inanibeba.

Nianze na la shangwe: dada yako Mukonyo ameshinda. Shamba la mumewe, binamu yangu marehemu Wainaina, kule Gatongora limeandikwa kwa jina la mwana wao Zacharia. Nilikuwepo, nami nakuandikia niliyoyaona.

Kamati ya mashamba ilikutana Alhamisi. Kagwe, ndugu wa marehemu, alisimama akapinga. Eti Zacharia si damu yao. Nyumba yao ni ya watu wafupi. Akanyakua mti wa wapima ardhi ulioandikwa futi na inchi, akaukita chini. "Mpimeni! Wa kwetu hapiti futi tano na nusu."

Zacharia akapimwa: futi sita na inchi mbili. Dada yake, futi tano kamili. Kagwe akacheka.

Mzee mwenyekiti akasema kipimo hicho ni cha nyumba nzima. Akamwita Ngendo, binti wa Kagwe mwenyewe. Futi tano na inchi kumi! Baba yake akapimwa: futi tano na inchi tatu.

Hapo Wamboi, mke wa Kagwe, akapenya katikati ya wanaume. "Haya, Baba Ngendo, waambie wazee. Huyu nilimtoa wapi?"

Kicheko kilisikika hadi barabarani.

"Ngendo ni wangu!" Kagwe akafoka.

"Kwa kipimo gani?" akauliza mwenyekiti. Akamkumbusha Kagwe kwamba nyanya yake alikuwa Mkamba, aliyekuja huku wakati wa njaa, na kwa urefu wake kila mlango aliuingia akiinama.

Niliwatazama wote waliopimwa, shemeji. Kimo, pua, rangi: hakuna wawili waliolingana, na wote ni wa babu mmoja.

Kagwe akaondoa pingamizi lake. Zacharia alivigongelea vigingi vya mpaka mwenyewe, na Mukonyo akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Mama yako Nduku anakusalimu kutoka Kiganjo. Nisalimie mkeo Mbula na watoto. Mungu awape afya, na awafungulie njia ya kuja Desemba, kwani Zacharia amekataa kujenga mpaka wewe mjomba wake umwonyeshe mlango uelekee wapi.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye,
Bedan