Mikono ya mama yako

Mujukuu wangu Kavira,

Huku Butembo tunapumua, babu yako anakohoa tu. Unaniuliza juu ya mutoto wako: ana miezi tano na hanyoshi mukono kwa kitu. Mama yako alikuwa vile wakati wa vita. Tulikimbia Beni, nikamufunga kwa mugongo, mikono ndani ya kitenge. Tulipofika Butembo nikamuonyesha kijiko, akakiangalia tu. Niliogopa sana. Mama mumoja aliyetupokea kwake akaniambia, "Mufungue, mukalishe kwa magoti, ungoje." Mutoto akapiga hewa, akakosa, akakosa tena, kisha akakamata kijiko na kukipeleka kwa kinywa.

Mupeleke wako kwa muganga wa hospitali pia, maana hata mimi silali kwa kumuwaza.

Kesho yake ya siku ile ya kijiko, masasi ya bunduki yalilia tena. Nikamufunga mama yako kwa mugongo, lakini mikono nikaiacha inje.

Koko wako