Ukumbi wa Jumamosi

Stockholm, Februari 2011

Kwako mdogo wangu Sébastien,

Pokea salamu zangu, wewe na mke wako Pélagie na wote mlio nao hapo Uvira. Natumaini goti lako limepoa, na mvua haijabomoa tena ule ukuta wa nyuma. Sisi huku tunapumua. Theluji imefika kwenye madirisha ya chini. Mwanangu Thomas yuko kazini, mke wake Gaëlle anakusalimu. Mkono wangu ni mzito kwa kalamu, unajua shule niliiacha mapema, lakini neno hili sikutaka kulisema kwenye simu. Simu yangu husikilizwa na nyumba nzima.

Nilikwambia habari za kifo cha mzee Obedi. Tulikaa matanga kwake, ghorofa ya tano, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, kina mama wanaimba, na majirani wakaita polisi. Polisi, kwa sababu watu wanalia. Tukafukuzwa kama wezi wa kuku, mjane akabaki peke yake na picha ya mumewe. Siku ile nikasema, mimi sitaki kuliliwa kwenye matanga ya namna hii. Karibu na stesheni kuna ukumbi wa komuni, yaani serikali ya hapa mtaani. Una jiko, una viti, na mara nyingi ni mtupu.

Nikaenda kuuliza. Zamani alikuwepo mama mmoja dirishani, unamweleza shida yako, anakupa ufunguo. Dirisha wamelifunga. Siku hizi mtu anaomba ukumbi kwenye kompyuta, tena wiki mbili kabla. Nikamuuliza kijana wao, Gaëlle akitafsiri, kama wafu wa huku hutoa taarifa wiki mbili kabla. Akacheka, akasema nipeleke wazo langu kwenye mkutano wa wananchi, maana komuni inapenda sana kuwasikiliza.

Nikavaa suti, nikaenda. Mkutano gani ule, viongozi wengi kuliko wananchi, kahawa nyingi kuliko maneno. Mimi niliyekuwa kapita wa miwa Kiliba, niliyeamrisha watu themanini bila kipaza sauti, nikasimama nikasema mpaka Gaëlle akachoka. Wakapiga makofi. Kisha wakaniambia niliandike tena neno lilelile kwenye mtandao, watu waliunge mkono kwa kubonyeza. Wamenisikia kwa masikio yao wenyewe, lakini mpaka kompyuta nayo isikie. Basi Gaëlle akaandika, watu wa kanisa wakabonyeza. Miezi ikapita, jibu likaja, kwamba pendekezo langu limehesabiwa kuwa limejibiwa. Halikukubaliwa, halikukataliwa, limejibiwa tu. Kule Kiliba mtu akinijibu hivyo, kesho yake hana kazi.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada nawasema vibaya, na nimetangaza mbele ya wote kwamba kidole changu hakitagusa takataka yao ya kompyuta. Watu wananiheshimu kwa hilo.

Sasa mwezi uliopita Vainqueur, mtoto wa mzee Jonathan, akatafuta ukumbi huohuo kwa harusi yake ya Aprili. Akaambiwa Jumamosi zote mpaka kiangazi zimeshikwa na chama cha wazee, cha mazoezi ya viungo. Kanisa likachukia. Mzee Jonathan akauliza ni wazee gani hao wasio na wajukuu, wa kurukaruka kila Jumamosi. Wakanituma mimi, kwa kuwa nina mdomo, niende nikawakemee.

Sébastien, hapa soma ukiwa peke yako. Wazee wa mazoezi ni mimi.

Kabla ya Krismasi daktari aliniambia moyo wangu umechoka na dawa hazisaidii tena. Kiangazi huenda nikakiona, huenda nisikione. Gaëlle hakuwepo, mkalimani alikuwa wa kwenye simu. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka maktaba, binti mmoja akanionyesha ile kompyuta. Nilijifunza kwa siku moja kitu ambacho wengine wanahangaika nacho mwaka. Mle ndani waliorodhesha shughuli za ukumbi, harusi, densi, hata maonyesho ya mbwa. Matanga hakuna. Nikachagua mazoezi ya wazee. Komuni ikaniandikia pongezi, imefurahi kwamba tunatunza miili yetu. Ndio watu wanaotutawala hao.

Jumamosi ya Vainqueur nimeiachilia. Anasimulia kila mahali jinsi nilivyowatisha wale wazee, nami sikumkatalia. Zilizobaki nimezishikilia. Kila Ijumaa mchana, nikiwa bado natembea, nakwenda maktaba kuuachilia ukumbi wa kesho, na nitakubipu. Simu ikilia mara moja ikakatika usiipokee, ni mimi, endelea na kazi zako. Ijumaa isipolia, au Thomas na Gaëlle wakikupigia mapema, usianze kulia. Kwanza mwambie Gaëlle ukumbi wa Jumamosi ni wetu, aende kuchukua ufunguo kwa jina la mazoezi ya wazee. Kisha lieni wote, ninyi huko na wao huku, kwa sauti yote, na polisi wakija wakute tumeshika ukumbi kihalali.

Nisalimie watoto, na dada yetu akipita sokoni. Huu moyo usiwaambie bado. Habari ya maktaba usimwambie mtu kabisa.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Zacharie, kapita