Jina la Precious Shuleni

Arlington, Texas
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa Dada Editha,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, Shemeji Sadock na watoto, na kwamba mvua za Njombe hazijaozesha viazi vyote shambani. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Mwambie aache ubishi wa kuoga maji ya baridi. Na mgongo wako? Najua utasema hauna neno, kwa hiyo swali hilo namwuliza Shemeji.

Mimi sijambo. Mwili upo, unakula ukiwekewa chakula na unalala ukizimiwa taa. Watu wa kanisani wananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza, dada. Nimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, na bado haujaanza hata kuchoma.

Najua umeshangaa kupata barua ya kalamu zama hizi. Sikutaka kukutumia sauti kwenye simu kwa sababu Precious ndiye mshika simu wako, na ujumbe ukiingia yeye ndiye anaubonyeza kwanza. Haya ninayoandika hayafai kuyasikia namna hiyo. Rukaya, Mtanzania jirani yetu hapa, anakuja Dar na ameahidi kuituma bahasha kwa basi. Isome peke yako kwanza, halafu umpe Shemeji.

Nimehama Stafford, kule karibu na Houston. Baada ya mume wangu Ambilikile kufariki kodi ya ile nyumba ilinishinda, na nyumba yenyewe pia ilinishinda. Sasa nakaa kwa Lydiah, yule rafiki yangu Mkenya, muuguzi, niliyekuwa nikikusimulia. Alikuja mpaka Houston na gari lake, akapakia vitu vyangu vyote, na njiani hakuniuliza kitu. Ni mtu mwema sana. Kasoro yake ni ugali. Ugali wake ukiuangusha chini unavunja kigae. Natania kidogo ili nione kama bado ninaweza.

Lydiah ndiye aliyenianzishia jambo hili ninalokuandikia. Siku moja aliniambia kwamba huku mtu aliyefanya kazi na kukatwa kwenye mshahara, akifa, mtoto wake mdogo ana haki ya kupata mafao ya kila mwezi mpaka akue. Nikamwambia mtoto wangu hayuko huku. Akasema, "Na kwani si amezaliwa Houston? Si ni raia? Hiyo pesa si yako, ni ya mtoto. Babake ame-work hapa miaka yote wakimkata. Wewe uta-apply, mimi nita-drive."

Basi tukaenda ofisi ya Social Security, inayotoa hayo mafao. Siku hiyo Kiingereza kilinikimbia chote, nikaomba mkalimani. Wakamweka kwenye simu, bwana mmoja Mkongomani, sijui alikuwa mji gani. Mama wa ofisini anauliza kwa Kiingereza, ile simu iliyolala mezani inasema kwa Kiswahili: "Anauliza, mutoto anaishi na nani?"

Nikasema anaishi na dada yangu.

"Anauliza, toka lini?"

Nikasema toka hajaanza kutembea.

"Na nani anamulisha, anamuvalisha, anamupeleka ku hospitali?"

Dada yangu, nikasema. Kila swali jibu lake lilikuwa wewe. Mwisho yule bwana akasema, "Pole, mama. Hiyo si maneno yake, ni ya kwangu." Mama wa ofisini akataka kujua kimesemwa nini, akatafsiriwa, naye akainamisha kichwa.

Walinieleza vizuri, bila ukali. Mtoto anaweza kupata haki yake hata akiwa Njombe. Zipo pia fedha za mjane, lakini ni za mjane anayemlea mtoto mwenyewe, na mimi simlei. Za Precious hupokelewa kwa niaba yake na yule anayemtunza. Penye nafasi ya mtunzaji niliandika jina lako, dada. Ni kweli tupu.

Kuna Rogers, kijana wetu wa Kitanzania anayewajazia watu makaratasi ya kodi, alipopata habari akaja mbio. "Dada, mbona unajitesa? Andika mtoto yupo hapa Arlington. Lydiah atatoa barua kwamba mnaishi wote, na fungu lako la mjane utapata." Lydiah alimtazama mpaka akaweka chini kikombe cha chai. "Rogers, usiniingize kwa uongo yako. Mimi niko na leseni ya nursing." Mimi nilikataa pia, ila usinisifu. Sikuwa na nguvu za uongo. Uongo unataka mtu mwenye kumbukumbu, na mimi siku hizi nasahau hata kuzima jiko.

Sasa nafika penyewe. Walitaka kitu cha kuonyesha mtoto anakoishi, ndiyo maana nilikuomba barua ya shule. Uliipiga picha ukanitumia siku hiyohiyo, ahsante sana. Niliifungulia palepale ofisini. Imeandikwa kwamba Precious Sadock Ngailo ni mwanafunzi wa darasa la pili, mzazi wake ni Bwana Sadock Ngailo. Mama wa ofisini akaiweka simu yangu karibu na cheti cha kuzaliwa cha Houston, Precious Ambilikile Mwasenga, akavisoma vyote viwili kwa kidole. Akasema kwamba kwa macho yake hawa ni watoto wawili.

Sikukasirika, dada, nataka ulijue hilo. Ningeona ajabu kama ungefanya vingine. Shule inataka mzazi, mzazi aliyesimama pale mlangoni ni Shemeji, basi mtoto akaandikwa kwa jina la mtu anayemnunulia sare. Nani kwetu hakuandikishwa hivyo? Hata sisi Baba Mkubwa alituandikisha kwa jina lake, na Baba alipokuja hakusema neno. Nyumbani halina shida hilo. Shida imeanza lilipovuka maji.

Wanasema inawezekana kurekebisha. Mwalimu Mkuu abadilishe jina liendane na cheti, aandike barua nyingine ya kueleza kwamba ni mtoto yuleyule, nawe ule kiapo kwa wakili kwamba wewe ni mama yake mkubwa na unamlea. Mimi nitatuma nakala ya cheti.

Mpaka hapo utaona ni mambo ya mihuri tu. Lakini nimelala na kuamka nikifikiria ile asubuhi mwalimu atakaposhika daftari la mahudhurio na kuita Precious Ambilikile. Mtoto atakaa kimya akidhani anaitwa mwingine. Wenzake watacheka. Atarudi nyumbani kukuuliza kwa nini amepewa jina la baba mdogo aliyekufa.

Hatuwezi kumwachia mwalimu amwambie, dada. Inabidi ajue kabla.

Nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu, hata Lydiah. Mazishi ya Tukuyu niliyaangalia kwenye simu mwanzo mpaka mwisho, maana karatasi zangu za uhamiaji bado ziko mikononi mwa watu na ningetoka huku nisingeruhusiwa kurudi. Nilikuona umevaa kitenge cha bluu. Nilimwona Precious amesimama mbele yako na lile koti lililomzidi mikono. Wakasoma wasifu wa marehemu, kwamba ameacha mjane na mtoto mmoja, wote wako Marekani. Halafu mwongozaji akaanza kuita watu waweke mashada. Wazazi wa marehemu, akajibiwa kwamba walishatangulia. Watoto wa marehemu. Akarudia, watoto wa marehemu. Hakuna aliyetoka. Akaendelea na wengine.

Precious alikwenda baadaye, walipoitwa ndugu wa upande wa mke. Alikuwa na ua moja tu, ameshikilia mkono wa Samson wako, akaliweka pembeni ili asiwazibie wakubwa. Alirudi mahali pake anajifuta udongo.

Sikulaumu kwa kukaa kimya pale. Ungesema nini mbele ya umati ule? Ambilikile mwenyewe ndiye hakutaka ndugu zake wajue kwamba binti yuko kwako. Alisema wakijua tu, baba zake wakubwa watafika Njombe kesho yake na kumchukua, maana mtoto ni wa kwao. Kila mwaka alikuwa anasema mwakani tutamleta huku, na hapo ndipo watu wataelezwa. Alikuwa anamaanisha. Jumapili tukimaliza kukupigieni simu, baada ya kuitwa baba mdogo na kusimuliwa habari za kuku na za mwalimu wa hesabu, alikuwa anakwenda kuosha vyombo, hata vilivyo safi.

Wiki ile ya msiba nilipopiga, Precious ndiye aliyepokea. Akaniamkia vizuri, halafu akasema, "Mama mdogo, pole kwa kufiwa na baba mdogo. Mama amesema tukuombee." Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. Umemlea vizuri. Nikamwambia ahsante mwanangu, nikamwuliza kama wamekula. Nadhani ganzi hii ilianzia hapo, si siku ile waliponiita kazini kuniambia Ambilikile ameanguka.

Kama ingekuwa fedha peke yake ningeacha, tungebanana tu kama tulivyozoea. Lakini nisipofuatilia, hapatakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba yule mtu aliacha mtoto, isipokuwa hicho cheti kilicho kwenye droo ya Lydiah. Tukuyu aliitwa mara mbili hakutoka. Nisingependa na huku tena aitwe asitoke.

Simchukui, dada. Naandika hivi waziwazi kwa sababu najua ukifika hapa utakuwa umeshaingiwa na hofu. Aendelee kukuita mama, maana ni wewe. Mimi nikiitwa mama mdogo nitaitika kama ninavyoitika siku zote. Hata angeshuka kwenye ndege leo, sijui ningempa nini mimi huyu, labda ugali wa Lydiah. Ninachoomba ni ajue tu.

Mwambie wewe, usimwachie Shemeji, Shemeji ataanza kulia kabla ya kufungua mdomo. Chagua siku ambayo hakuna shule kesho yake. Anzia kwa Ambilikile, usianzie kwangu. Kwenye bahasha nimeweka picha moja, amembeba hospitalini Houston siku aliyozaliwa, amevaa viatu vya kazini na amesahau kuvua kofia. Mpe picha hiyo iwe yake. Akiuliza kwa nini tulimpeleka mbali, mwambie wote wawili tulikuwa tunafanya kazi za usiku na hatukuwa na mtu wa kumwachia. Jibu lenyewe ni dogo lakini ndilo tulilo nalo. Akiuliza kama nilimpenda, mwambie ndiyo, na usiongeze chochote.

Naogopa sana, dada. Ndicho kitu pekee ninachokisikia kwa sasa, na karibu nifurahi kukisikia.

Ukiona haifai, ukiona ni mapema, niandikie hivyo na mimi nitaiambia ofisi isubiri au iache. Neno lako ndilo litakuwa la mwisho, maana wewe ndiye utakayekaa naye usiku huo.

Nisalimie Mama, na umwambie Kwaresima hii asifunge, padri amemruhusu tangu mwaka juzi na anajifanya amesahau. Msalimie Shemeji Sadock, na mwambie jina lake halikumdhuru mtoto, lilimtunza. Msalimie Samson, mwambie nilimwona Tukuyu akimshika mdogo wake mkono, na sitasahau.

Precious msalimie wa mwisho, baada ya kumwambia. Na ukishamwambia, mpe pole ya kufiwa na baba yake. Hajapewa na mtu. Alinipa mimi, nikaipokea yote peke yangu, na nusu ilikuwa yake.

Mungu awalinde nyote chini ya paa lile, na akupe wewe maneno ya siku hiyo.

Mdogo wako akupendaye daima,
Avelina