Tufani Yenu Imefika Nangwa

Mama yangu, shikamoo.

Barua ya dada imenifikia. Pole sana kwa mabati ya jiko. Tufani iliyowapiga huko Pangani ilifika hapa Nangwa ikiwa mvua tu ya siku mbili, na usingeamini ilivyobagua watu. Barabara moja ndiyo mpaka. Chini yake, kwenye shamba la ngano la serikali, udongo mweusi umenata vibaya, na trekta kubwa nililoletwa kulitengeneza lilizama hadi tumboni. Juu yake udongo ni mwekundu, umeyanywa maji yote, na watu walikuwa wanapanda maharage huku wanaimba.

Mama Paulina, mkulima wa huko juu, aliacha kupanda akashuka na majirani zake, na maksai wa kulimia jozi saba. Mimi nilicheka, Mama. Wakafunga minyororo, wakamwita kila maksai kwa jina lake, na trekta likatoka. Sijacheka tena.

Nilipomshukuru nilimwambia kwamba mvua hii ni mabaki ya tufani iliyokuvunjia jiko. Akajifuta tope mikononi.

"Kumbe sisi tunaimba, na mama yako ananyeshewa?" akasema. "Mpe pole. Maharage haya yakikomaa, debe la kwanza ni lake."

Kila asubuhi anapita kuniambia yameota kiasi gani. Basi usihuzunike sana, Mama. Na wewe una shamba huku.

Mwanao akupendaye,
Bakari