Mtihani Uliobaki

Shangazi yangu,

Nakusihi usimsomee mtu barua hii. Mjomba, mumeo, ndiye aliyeniombea ukarani hapa chuoni, na dirisha la ofisi yake linatazama lango.

Tu wazima, ila kazi imenichosha hadi kope. Jana mwalimu mzee wa hesabu alinishika bega: "We mtoto, una macho ya shangazi yako, tuliyemwita Kinanda! Nilisoma naye. Jumamosi anacheza dansi mpaka viatu vinalia, Jumatatu anatupita sote. Kabakiza mtihani mmoja tu, mumewe akamtoa."

Miaka yote mjomba ametuambia ulifeli.

Wanafunzi wa zamani sasa wanaruhusiwa kumalizia. Nimekuandikisha. Mtihani wako ni Ijumaa asubuhi; usipite langoni, pita mlango wa jikoni ya chuo. Ukiulizwa, sema umemletea karani chakula.

Mtoto wa kaka yako