Mgao wa Vidonge

Jumatatu, 2 Juni

Niko maabara, nimepaka makohozi kwenye vioo vya darubini tangu saa mbili. Kioo cha saba ni cha mdogo wangu Masanja. Ametimiza miezi miwili ya dawa za kifua kikuu, nilitarajia kioo safi. Vijidudu, vile vijiti vyekundu, bado vipo. Nimeangalia mara mbili, nikamwita mwenzangu naye aangalie. Vipo.

Naogopa. Msimamizi wake wa dawa ni mimi, jina langu liko kwenye kadi. Kila asubuhi nampigia simu huko Bulyanhulu, naye hujibu kuwa amemeza. Sijawahi kumwona akimeza.

Jumanne, 3 Juni

Mashine ya kupima usugu wa vijidudu kwa dawa ipo, kartriji zake za kuwekea sampuli zimekwisha. Bosi kasema Ijumaa. Subira yavuta heri, wanasema. Hawajawahi kusubiri majibu ya ndugu.

Tulifundishwa haya chuoni. Kijidudu kina kimeng'enya kinachonakili maagizo yake ya kuishi. Ndani yake kuna kishimo. Dawa yetu kuu, rifampisini, huingia humo, ikakaa, njia ikazibika, kazi ikasimama. Lakini ije ya kutosha, kila siku. Ikija haba, wanakufa vijidudu wanyonge tu. Wanabaki wale ambao kishimo chao kina umbo tofauti kidogo, nao wanazaana. Dawa ikifika haina pa kukaa.

Nilijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. 

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda Bulyanhulu kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Masanja amekonda. Kikohozi kilimkatiza shikamoo katikati.

Wako wachimbaji watano kwenye duara lao la dhahabu, shimo moja, sufuria moja. Baba Kulwa, mkubwa wao, ambaye huniita mayu, yaani mama, akanitania: "Dawa yako kali, mayu. Siku hizi duara zima tunakojoa rangi ya machungwa."

Wakacheka wote. Mimi nikasikia baridi, na jua lilikuwa la saa saba. Rifampisini ndiyo hupaka mkojo rangi hiyo.

Masanja akatazama chini, akakiri. Vidonge vyake ni vinne kwa siku. Alikuwa anameza kimoja, vitatu vinazunguka kwa zamu. Kwenye duara kila kitu kina mgao: mawe, maji, mihogo.

"Ningemezaje peke yangu, dada, na wao wanakohoa?"

Nilimfokea mbele ya wenzake. Vibaya. Mjinga ni mimi, niliyesimamia vidonge kwa simu.

Ijumaa, 6 Juni

Kartriji zimefika. Nimeweka sampuli ya Masanja kwanza, wengine wanisamehe. Karibu saa mbili za kungoja. Nimefuta meza ambayo ilikuwa safi.

Usugu umeonekana.

Nimekwenda chooni nikalia. Kisha nikanawa uso, nikaandika majibu kwenye rejista kama ya mtu yeyote.

Jumamosi

Nimemwambia. Aliuliza kama atakufa. Nikasema hapana, upesi mno.

Jumatatu, 16 Juni

Masanja yuko kwangu Nyasubi, chumba cha uani, madirisha wazi mchana kutwa. Wenzake wanne wamepimwa. Kwa leo hawana ugonjwa. Watarudi kupimwa tena, na kila mmoja akikohoa moyo wangu unaruka.

Dawa ni mpya. Mojawapo haihitaji kile kishimo. Inashika kimeng'enya kingine, kile kinachompa kijidudu nguvu. Sijui kama itakaa. Natamani ningeweza kuchungulia humo.

Jana Baba Kulwa alileta mfuko wa mawe ya dhahabu. Mgao wa Masanja, ingawa hajashuka shimoni tangu aondoke. Akauweka mlangoni, hakutaka hata chai.

Asubuhi nimempa vidonge. Akavishika kiganjani muda mrefu.

"Wale wanne wana vya kwao?"

Nikamwambia hawavihitaji.  Kisha akavimeza, kimoja kimoja, nami nimekaa mbele yake nikitazama koo.