Sufuria Yako Ndani ya Oveni

Mama Mutheu, rafiki yangu,

Huko uliko sijui kama watu wanakula mkate. Kama wanakula, najua umeshaanza kumsumbua mtu na ile sufuria yako ya maji. "Oveni bila mvuke inatoa matofali." Si ndivyo ulikuwa unasema?

Tangu tukuzike naoka peke yangu hapa Matiliku. Mutheu wako akitoka shule ananisaidia kukanda, na anakanda akinung'unika. Huo mdomo ni wako kabisa.

Sasa nisikilize. Unakumbuka lile bati zito juu ya moto, ambalo fundi Muli alilipaka aluminiamu ili lisiliwe na joto? Lilikuwa linabanduka magamba kila wiki, tunayatoa juu ya mkate kwa kidole, na wewe unamtukana Muli soko zima lisikie: "Huyu alitupakia uji!"

Baada ya msiba sikuweka maji tena. Sikuwa na moyo wa kuishika sufuria yako, basi. Na nakwambia, bati likatulia. Moto ni ule ule, bati linakuwa jekundu vile vile, lakini hakuna gamba. Muli alipokuja kuliangalia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema joto kavu linaipa ile aluminiamu ngozi ngumu, na ngozi hiyo ndiyo inalinda chuma. Mvuke ukizidi hapo, ngozi haishiki vizuri, inapasuka, inabanduka, na chuma kinabaki uchi. Kumbe aliyekuwa anakula bati letu ni wewe! Nilicheka, halafu nikalia hapo hapo mbele yake.

Nikajiambia, sawa, angalau oveni imepona. Lakini mkate ulitoka mkavu. Wateja walilalamika, wakachovya kwa chai, wakameza. Mama yako hawezi. Meno yameisha, na unajua anavyosema mkate wa kuchovya ni chakula cha wagonjwa. Tangu uende, chakula kingine anakisukuma tu. Amekonda, Mama Mutheu, mpaka naogopa. Jumamosi nilimpelekea mkate, akaubonyeza, akaurudisha kwenye sahani. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, kwani na mkate pia mlimzika nao?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, sijui hata ni ya nani.

Jana niliitoa sufuria yako, nikaiosha, nikajaza maji, nikaiweka pale pale. Jioni nikampelekea mkate ukiwa bado moto. Alikula, kisha akaitisha kipande kingine. Leo asubuhi nimekuta magamba yameanza kuanguka. Wacha yaanguke.

Pumzika, rafiki yangu. Bati likiisha Muli atapaka lingine, na nitamtukana kwa niaba yako ili asikusahau. Lakini mama yako akiwa bado anaomba mkate, maji hayatakosekana kwenye hii oveni.

Ni mimi,
Mama Kyalo